Masikio ya Kulungu Mweupe

Kulungu mweupe alilala ubavu kwenye theluji, na hakuwa na masikio.

Inspekta Elieshi Mmari alisimama kwenye lango la zizi akamtazama. Koo lilikuwa limekatwa. Masikio yote mawili yalikuwa yamekatwa tangu shinani. Kukizunguka kichwa, mishumaa saba ilikuwa imechomekwa kwenye theluji kwa duara. Na kwenye pembe, kitenge cha kijani na manjano kilikuwa kimefungwa mafundo mawili.

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, mwezi wa pili, kaskazini kidogo ya mji wa Upplands Väsby, Sweden.

"Ndiyo maana mkuu amekutuma wewe," alisema Josefin, mpelelezi mwenzake, huku akipuliza vidole vyake. "Amesema wewe utaelewa."

"Nitaelewa nini?"

"Hii... ibada."

Elieshi aligeuka polepole. Aliletwa Sweden kutoka Siha, chini ya Kilimanjaro, akiwa binti wa miaka sita. Alikulia Spånga. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na mtu mkali kuhusu viatu vichafu. Uchawi pekee aliowahi kuushuhudia ni namna majalada yalivyokuwa yakipotea ofisini.

"Josefin," alisema, "ningekuwa nimezaliwa Uppsala, ningetumwa hapa?"

Elieshi hakungoja jibu. Alivuka kamba ya polisi, akaingia eneo la tukio.

Mahali penyewe palikuwa bustani ya familia. Watu waliwaleta watoto kuwaona kulungu wa nchi za theluji, wale wenye manyoya mazito na pembe za matawi ambao Waswidi huwaita ren. Ukifika, unapewa konzi ya ukoga mkavu wa kijivu uotao msituni, unafungua kiganja, na mnyama anakuja kulia mkononi mwako. Huyu mweupe ndiye aliyekuwa nyota. Picha yake ilikuwa kwenye bango la barabarani. Jina lake Pärla, yaani Lulu.

Elieshi alichutama. Aliitazama mishumaa, mmoja baada ya mwingine. Tambi zake zote zilikuwa nyeupe pe. Hakuna hata mmoja uliowahi kuwashwa.

Kisha akaitazama theluji chini ya koo. Kulikuwa na doa la damu lisilozidi sahani.

Kila Krismasi baba yake alikuwa akienda shambani kwa rafiki yake kuchinja mbuzi, na Elieshi ndiye aliyeshika miguu. Mnyama akikatwa koo akiwa hai, moyo husukuma damu mpaka ukome. Hapa theluji ingekuwa nyekundu hadi kwenye ua.

"Amekatwa akiwa ameshakufa," alisema. "Mzoga uende maabara leo hii. Nataka kujua kilichomuua na saa aliyokufa."

Mwenye bustani, Ivan Hedblom, alikuwa akiwasubiri mlangoni pa ofisi. Mtu wa miaka hamsini na nane, mrefu, macho mekundu. Elieshi alimhoji papo hapo, wamesimama.

"Nani alimkuta?"

"Désiré. Mfanyakazi wangu. Alifika saa moja asubuhi, akanipigia simu."

"Wewe ulimwona mzima mara ya mwisho lini?"

"Jana saa kumi na moja jioni. Tulifunga, Désiré akaenda zake, nami nikaenda nyumbani moja kwa moja."

"Ofisi ilifungwa?"

"Kwa ufunguo na king'ora. Ufunguo ninao mimi."

"Wageni wa mwisho walikuwa nani?"

Ivan alivuta pumzi. "Kanisa la Wakongo. Watu kama arobaini. Ndugu zake Désiré. Waliimba, walipika. Mimi sisemi kitu. Lakini miaka kumi na tisa hatujapata jambo kama hili, na jana ndiyo walikuja mara ya kwanza."

"Kumbe umeshasema. Kitambaa kilicho kwenye pembe, uliwahi kukiona?"

"Kamwe."

"Una hakika?"

"Kitu kama kile ningekikumbuka. Na kisu kilichokutwa kwenye banda la chakula, chenye damu, ni cha Désiré. Nimewaambia polisi wa doria. Nimemwambia na mwandishi wa habari."

"Mwandishi alifika kabla yangu?"

"Watu wana haki ya kujua wanaishi na nani," alisema Ivan.

Elieshi alitoa kalamu. Aliandika sentensi ile neno kwa neno, akafunga daftari.

* * *

Désiré alikuwa amekaa nyuma ya gari la polisi, pingu mikononi. Kijana wa miaka thelathini na mbili, suruali imejaa manyoya meupe.

"Tumeshamhoji," alisema Josefin. "Kwa mkalimani wa simu. Alijibu maneno mawili matatu, halafu akanyamaza kabisa. Mtu asiye na kosa hanyamazi hivyo."

"Mkalimani wa lugha gani?"

"Ya Kongo. Lingala."

"Nani alikuambia anasema Lingala?"

"Anatoka Kongo, Elieshi."

"Anatoka Masisi, mashariki kabisa. Huko watu wanasema Kiswahili. Wewe ungekamatwa Kigali, ukaletewa mkalimani wa Kireno kwa sababu Ulaya ni Ulaya, ungesema nini?"

Elieshi alifungua mlango wa gari.

"Habari, kaka. Naitwa Elieshi. Pole sana."

Désiré aliinua uso.

"Unasema Kiswahili, mama? Aksanti Mungu. Yule wa kwenye simu alikuwa ananiuliza, mi sisikie kitu. Nikaogopa. Nikajisemea, nikijibu vibaya nitakuwa nimekubali."

"Sasa uliza na ujibu kwa lugha yako. Jana ulitoka hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Nilipanda treni mpaka Tumba, kwa mama Josiane. Tulikuwa na maombi kule, tukamaliza saa tatu. Batu kumi na mbili baliniona."

"Kisu ni chako?"

"Ni yangu. Ya kukata kamba za majani. Ninaiachaka ku banda kila siku. Kila mutu anajua."

"Ulimuua Pärla?"

"Mama!" Sauti ilipanda, ikavunjika. "Ule nyama ni mi nilikuwa ninamulisha. Kila asubuyi. Anasikia mguu yangu, anakuja mbio. Leo nilimwita, hakukuja."

Alijifuta uso kwa mabega, maana mikono ilikuwa imefungwa. Elieshi alimgeukia askari wa doria. "Fungua hizo pingu. Sasa."

Zilipofunguliwa, Désiré hakuvisugua vifundo vya mikono yake. Alikuwa na jambo zito zaidi.

"Mama inspekta, bibi yangu Kahindo, ule nilioa, iko Kampala na batoto betu wawili. Miaka tatu. Ijumaa hii uhamiaji wanakata shauri. Wanataka kuona niko na kazi, na kwamba sina kesi. Wakiandika niliua, kazi imekwisha. Kazi ikiisha, Kahindo hatakuja."

Hapo ndipo Elieshi alipojua uzito wa mzoga ule. Hakuweza kumwachia. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaamuru awekwe mahabusu hadi Jumanne adhuhuri. Alichoweza ni kumwahidi kitu kimoja tu.

"Nitakuuliza kila kitu, na nitakusikiliza mpaka mwisho. Hilo naweza."

* * *

Mama Josiane wa Tumba hakukubali kuhojiwa na mtu mwenye njaa.

"Polisi ao si polisi, unakula kwanza," alisema, akamwekea sahani. "Unakondea nani, mwanangu?"

Alikuwa mama mnene wa miaka hamsini na kitu, mfanyakazi wa kulea wazee, na ghadhabu yake ilijaa jikoni kuliko mvuke wa sombe, majani ya muhogo yaliyokuwa jikoni. Simu ilikuwa mezani, habari ya gazeti imefunguliwa. Kichwa chake kilikuwa na maneno "ibada ya Kiafrika" na alama ya kuuliza. Chini yake watu walikuwa wameshaandika mambo ambayo Elieshi asingependa mama huyu ayasome.

"Nimeyasoma yote," alisema Josiane. "Ati siye tuko bachawi! Tulienda kule na batoto, ni likizo ya shule, tuone nyama na tuipe chakula. Vraiment, kweli tulifurahi! Mi niliogopa ile mapembe. Désiré akaniambia, mama, fungua mukono, usifunge vidole. Nikafungua. Ile ulimi yake ni ya moto, mwanangu! Na ikitembea, miguu inalia ta, ta, ta. Batoto balicheka mpaka basi. Tukamwimbia Mungu aliyeiumba. Leo banasema tulikuwa tunaroga."

"Mlimwacha mzima?"

"Muzima kabisa! Angalia." Alimpa simu. Kundi la WhatsApp la kanisa lilikuwa na picha mia na ushee, Pärla akila mikononi mwa watoto, kofia za rangi zote zimemzunguka.

Elieshi alizipitisha picha kwa kidole. Moja ilimsimamisha. Aliikuza.

Sikio la kushoto la Pärla lilikuwa limepasuliwa ncha, na chini lina mikato miwili midogo. Nyuma yake kulungu wengine watatu walikuwa wamegeuza vichwa. Masikio yao yalikuwa na mkato mmoja tu, juu, wote sawasawa.

Hakukuwa na ajali inayokata masikio kwa mpangilio ule. Siha walipakana na Wamasai. Babu yake alikuwa na ng'ombe wachache, na jambo la kwanza aliloonyeshwa mtoto ni alama za masikio, nani ana mkato upi, ili siku ng'ombe wakichanganyika malishoni watu wasigombane. Sikio ndilo jina la mwenye mali.

Na hapa kuna mtu aliyeondoka na masikio yote mawili.

"Naomba picha hizi zote, mama."

"Chukua. Kula kwanza, bugali inapoa."

Josiane alivuta bakuli karibu. Bugali ilikuwa imefunikwa kwa kitenge, kimekunjwa mara mbili na kufungwa fundo juu ili joto lisitoke. Elieshi alikitazama kitambaa kile. Kijiko kilibaki hewani.

"Mama, jana mlibeba bugali kule?"

"Sasa tungekula nini? Masoseji?"

"Mliifunga kwa kitenge?"

"Ndiyo. Ile yangu ya kijani na manjano. Nikaisahau kule ku banda ya kuchomea nyama. Ilinisumbua sana, maana ni zawadi ya dada yangu wa Goma. Nikapiga simu."

Elieshi aliweka kijiko chini taratibu. "Ulimpigia nani?"

"Yule muzee mwenyewe. Na Kiswidi yangu." Josiane alinyoosha mgongo. "Désiré alitaka kunisaidia, nikamukatalia. Miaka mbili nilienda shule ya Kiswidi, ni ya nini kama siitumii? Nikasema, bwana, nimesahau kitambaa. Akasema ngoja. Akaenda, akarudi. Akasema, iko hapa ku ofisi, ku meza yangu, utakuja kuichukua."

"Saa ngapi?"

Josiane alitafuta kwenye simu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, Jumamosi. Mazungumzo ya dakika nne. Namba ya simu ya mezani ya ofisi ya bustani.

"Na Désiré alikuwa wapi wakati huo?"

"Hapo umekaa wewe. Alikuwa anamenya viazi."

Elieshi alihisi furaha kidogo na hasira nyingi. Alikula bugali yote, maana mama aliistahili heshima hiyo. Huku akila alifikiri juu ya mtu aliyesema "kamwe".

* * *

Jumatatu asubuhi alikwenda mahabusu na picha mkononi.

"Désiré, haya masikio unayajua?"

"Ninajua. Pärla alikuwa na alama ya mutu mwingine."

"Ulimwambia nani?"

"Patron, muzee mwenye bustani. Ni kama wiki mbili. Kwetu Masisi ngombe mwenye sikio ya mutu mwingine ni ya mutu mwingine. Nikamuuliza, huyu ulimupata wapi? Si kwa ubaya. Nilidhani alinunua, nilitaka tu kujua."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Tangu siku ile hakunisalimia tena."

"Mbona jana hukusema?"

Désiré alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nani aliniuliza?"

Saa tatu maabara ilipiga simu. Daktari wa mifugo alikuwa amepata majibu. Chini ya manyoya ya paji la uso palikuwa na tundu dogo la mviringo. Pärla aliuawa kwa bastola ya machinjioni, ile isiyotoa risasi bali chuma kifupi kinachotoboa fuvu. Alikufa Jumamosi kati ya saa moja na saa tatu usiku. Koo na masikio vilikatwa baadaye.

"Bustani ina bastola kama hiyo?" aliuliza Elieshi.

"Moja," alijibu Josefin, ambaye safari hii alikuwa ameshakagua vibali. "Imesajiliwa kwa jina la Ivan. Kabati liko ofisini."

Walipofika kwenye bustani na hati ya upekuzi, lango lilikuwa limefungwa. Nje yake alisimama mwanamke mzee, mfupi, koti la bluu lenye utepe mwekundu mabegani, fimbo mkononi.

"Nyie ni polisi?" aliuliza. "Naitwa Alma. Mimi ni Msami, mfugaji wa ren. Nimeendesha gari tangu jana kutoka kaskazini kumwona kulungu mweupe. Mwenye bustani alijua nakuja leo. Nilimpigia Ijumaa."

"Kwa nini ulitaka kumwona?"

"Mpwa wangu aliona picha yake mtandaoni. Majira matatu ya baridi yaliyopita niliibiwa wanyama kumi na mmoja. Mmoja alikuwa ndama mweupe."

Elieshi alitoa picha ya Josiane, akampa. Mzee alivua glovu. Alipitisha kidole juu ya sikio lile kwenye karatasi.

"Hii ni alama ya mama yangu," alisema. "Niliikata mwenyewe. Yuko wapi?"

Elieshi alimweleza. Alma hakulia. Aliuma meno mpaka taya likaonekana.

"Alimkata masikio," alisema. "Amemuua, halafu akamfuta jina."

Ofisini walikuta vitu vitatu. Kabati la bastola lilikuwa na alama za vidole za mtu mmoja tu. Kwenye droo, boksi la mishumaa nane lilibaki na mmoja. Na ndani ya jiko la kuni, kwenye majivu, fundi wa uchunguzi wa kisayansi aliokota kipande cha gegedu kilichoungua nusu. Manyoya machache meupe yalikuwa bado yameshikilia.

* * *

Ivan Hedblom aliketi katika chumba cha mahojiano saa nane mchana, wakili pembeni. Kinasa sauti kiliwashwa.

"Jumamosi uliondoka saa ngapi?"

"Nimeshasema. Saa kumi na moja."

"Ukaenda wapi?"

"Nyumbani. Moja kwa moja."

"Nani alipokea simu ya ofisini saa kumi na mbili na dakika arobaini?"

Ivan alisogeza glasi ya maji.

"Dakika nne," alisema Elieshi. "Si kidogo. Ulizungumza na nani?"

"Sikumbuki. Watu wengi hupiga."

"Mwanamke. Kiswidi chake kina lafudhi. Alikuwa akitafuta kitambaa."

Wakili alimgeukia mteja wake. Ivan aliangalia meza.

"Ulimwambia kiko mezani pako. Jana uliniambia hukuwahi kukiona. Ofisi ina king'ora, ufunguo unao wewe. Sasa nieleze, kitambaa kilitokaje mezani pako mpaka kwenye pembe za kulungu?"

"Désiré angeweza kurudi."

"Désiré alikuwa Tumba akimenya viazi. Jaribu tena."

"Watu wa kanisa lake watamtetea tu."

"Kadi yake ya treni haisali," alisema Elieshi. "Ilipita kituoni saa kumi na moja na dakika ishirini, na haikutumika tena mpaka Jumapili alfajiri."

Josefin alisukuma mbele mifuko mitatu ya ushahidi. Boksi la mishumaa. Picha ya tundu kwenye fuvu. Kipande cha sikio.

"Na huyu," alisema Elieshi, akaweka picha ya nne, "ni Alma. Amefika. Nadhani unamfahamu kwa sauti."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Ivan iliishia hapo. Mabega yalishuka. Alimnong'oneza wakili, wakili akatikisa kichwa, lakini alizungumza hata hivyo.

"Sikuiba mimi. Niliwachukua kwa mtu. Sita. Nilijua hawana karatasi. Watano tuliwachinja. Nilitakiwa nimchinje na yeye, lakini alikuwa mweupe. Watoto walimpenda. Bustani nzima ikawa yeye."

"Halafu Désiré akauliza."

"Ndiyo. Kwa upole wake ule. Sikulala. Halafu Ijumaa yule mzee akapiga simu. Kulungu aliye kwenye bango huwezi kumpoteza hivi hivi. Watu wangeuliza. Ilibidi... ilibidi mtu amuue."

"Mtu mwingine."

"Nilikuwa nimekaa pale ofisini sijui la kufanya. Ndipo yule mama akapiga simu kuhusu kitambaa chake. Nikaenda kukichukua bandani. Nikakitazama." Alimeza mate. "Simu ile ndiyo iliyonipa wazo."

Elieshi aliweka kalamu chini. Mama wa watu alipiga simu kwa adabu, kwa Kiswidi alichokitolea jasho miaka miwili, kuomba kitambaa cha kufunikia ugali. Huyu akamjibu vizuri, akakata simu, akachukua bastola.

"Ulijua mama yule anaweza kusema kwamba alikupigia," alisema.

"Nilidhani hakuna atakayemuuliza."

"Kwa nini?"

Ivan alitazama saa ya ukutani.

"Nimekuuliza. Kwa nini hakuna ambaye angemuuliza?"

"Kwa sababu watu wangeamini ile nyingine," alisema Ivan taratibu. "Mishumaa, kitambaa. Wangeamini mara moja. Na waliamini, si ndiyo? Mwandishi aliamini. Askari wako waliamini. Hata wewe ungeamini, kama usingekuwa..."

"Nisingekuwa nini?"

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka. Wakili alitazama dirisha. Josefin, pembeni mwa Elieshi, alikuwa ameiva uso mzima.

"Kwa ajili ya kinasa sauti," alisema Elieshi, "mshukiwa hakujibu."

Alisimama, akakusanya picha. Mlangoni akageuka.

"Mishumaa ulisahau kuiwasha. Hukujisumbua hata kutudanganya vizuri. Uliona tunatosha kudanganywa hivyohivyo. Désiré alimlisha mnyama yule kila asubuhi, na ulikuwa tayari mke wake asimwone tena, ili mradi bango lako libaki barabarani."

* * *

Désiré alitolewa mahabusu saa kumi alasiri. Mapokezini alikuta watu wanne wakimngoja, na mmoja wao alikuwa mama Josiane na bakuli lake, limefungwa kwa taulo.

"Na kitenge yangu?" aliuliza Josiane.

"Ni ushahidi, mama. Utakipata baada ya kesi."

"Kwanza akiroge, kisha mahakama ikifungie," alisema Josiane. "Maskini kitambaa ya dada yangu."

Idara ya ulinzi wa wanyama ilikuwa imeshaichukua bustani. Walihitaji mtu ambaye kulungu wale ishirini na watatu wanamjua, na Alma, aliyekuwa kule tangu asubuhi akiwapa ukoga, alikuwa amewaambia waziwazi kwamba wanyama walikuwa wakitazama njia kumngoja mtu. Mkataba wa Désiré ungeendelea, kwa mwajiri mwingine.

Josefin alileta karatasi ya kumwachia. "Asaini hapa tu."

Désiré hakusaini. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikisogea. Kisha akamgeukia Elieshi.

"Mama, hapa wameandika sikufanya? Ao wameandika hawakuweza kuonyesha kama nilifanya?"

Elieshi aliichukua. Ilikuwa fomu ya kawaida, wanayoitoa kila siku, na yeye mwenyewe alikuwa ameitoa mara mia bila kuisoma. *Upelelezi umefungwa. Kosa halikuweza kuthibitishwa.*

Akilini aliiona karatasi ile siku ya Ijumaa, juu ya meza ya uhamiaji. Aliona mtu akiisoma na kukunja paji la uso.

"Hawakuandika hukufanya," alisema.

"Basi siwezi kuibeba."

"Ni maneno ya fomu tu," alisema Josefin. "Ndivyo tunavyo..." Akaacha. Aliitazama karatasi, akamtazama Désiré. Kisha akaipokea kutoka mkononi mwa Elieshi. "Twende wote kwa mwendesha mashtaka," alisema.

Walipanda pamoja ghorofa ya tatu. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshavaa koti. Alisema kesho. Elieshi alivuta kiti, akakaa mlangoni, akasema atangoja kesho palepale. Zilipita dakika arobaini, maneno makali kadhaa, na mara moja Josefin alipandisha sauti, jambo ambalo Elieshi hakuwahi kulisikia kwa miaka minne.

Waliposhuka, Désiré alikuwa bado amesimama mahali palepale. Elieshi alimpa karatasi mpya, yenye muhuri. Aliisoma kwa kidole kama ile ya kwanza. Alipofika mwisho alirudia mstari mmoja mara mbili.

Alitoa simu, akaiweka mezani, sauti imefunguliwa. Upande wa pili watoto walikuwa wakigombana, na mwanamke akawanyamazisha.

"Kahindo, ngoja," alisema Désiré. "Kuna mama polisi hapa. Mama, tafazali, musomee na Kiswahili. Mi nikisoma atafikiri ninamutuliza tu."

Elieshi alikohoa kidogo, akainua karatasi.

"Désiré hakufanya," alisoma. "Hana hatia."

Kule Kampala mlango ulifungwa, sauti za watoto zikafifia. Kisha yule mwanamke akasema, "Soma tena, mama," naye Elieshi akasoma tena.